Utepe mwekundu msituni: nilivyomchongea mtafuta asali kwa viota vya ndege

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani. Leo wajukuu wamelala mchana, chai iko mkononi, nikasema wacha nilitoe jambo hili ambalo nimelibeba tangu miaka ya themanini. Chumvi sitaongeza. Na penye aibu yangu sitapunguza, maana bila hiyo aibu hakuna uzi.

Kama hupendi kusoma marefu, pita tu. Hakuna aliyekushika mkono.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Barani, Malindi. Wazee wangu asili yao ni visiwa vya kaskazini. Baba alikuwa akiuza nguo sokoni, mama alikuwa wa nyumbani na kuku wake. Hao kuku muwakumbuke, nitawarudia.

La pili, mimi ni mtu wa kushuku. Ukinichekea sana najiuliza unataka nini. Baba alikuwa akisema siku niliyozaliwa nilimtazama mkunga kwa jicho la pembeni.

Sasa twende.

Nilikuwa nimemaliza Form Six, nasubiri barua ya chuo cha ualimu. Mwalimu wangu wa zamani wa biolojia akaniambia kuna mzungu, mwanamke, yuko msitu wa Sokoke upande wa Gede, anachunguza tabia za ndege. Anatafuta mtu wa kujitolea, anayejua Kiingereza na Kiswahili sawasawa. Mshahara hakuna. Kuna chai, chakula cha mchana, na mwisho wa kazi barua ya kukusifu utakayoipeleka chuoni.

Ile barua niliitaka, wakuu. Kwetu hakuna msichana aliyewahi kufika chuo, na mimi nilishajiona nimesimama mbele ya ubao.

Baba hakuamini hata neno moja.

"Mtu aache kwao, avuke bahari nzima, aje kutazama ndege? Kwani kwao ndege wamekwisha? Huyo ana lake."

Gede nako, nilikokwenda kukaa kwa shangazi, kila mtu alikuwa na yake. Wengine walisema mzungu anatafuta mali iliyozikwa na watu wa kale wa magofu ya Gede. Wengine wakasema anapima ardhi, halafu mtaamka mkute seng'enge. Mkituona na darubini shingoni mngetushuku pia, msijifanye.

Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilikuwa nikichungulia mabegi yake. Wallahi. Nilikuta soksi, biskuti na vitabu vya ndege.

Huyo mzungu tulimwita Dokta, basi. Mrefu, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili chake cha kitabuni. Siku ya kwanza aliniambia, "Karibu, msichana mwema, tuketi tuzungumze juu ya kazi." Nikajiuma ulimi nisicheke.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna ndege mdogo anaitwa chozi, mdomo umepinda, anafyonza maua. Kiota chake ni kama kifuko kinachoning'inia kwenye tawi, mara nyingi usawa wa kifua cha mtu. Dokta alitaka kujua ni nani analisha makinda zaidi, dume au jike, na mara ngapi kwa saa.

Kwa hiyo unakaa kwenye kibanda cha magunia, saa mkononi, daftari pajani. Dume ameingia, andika. Jike ametoka, andika. Siafu amekuingia kwenye nguo, vumilia.

Tuligawana msitu. Dokta alikuwa na nyavu zake za kunasia ndege upande mmoja, mimi nikapewa viota vya upande wa pili. Sheria yake ilikuwa kila kiota na mtu wake, asiende mwingine, ili ndege wasisumbuliwe na watu wengi.

Kutafuta viota ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Huyo ndiye nimewaletea uzi kwa ajili yake.

Aliitwa Karisa. Mgiriama, umri kama miaka arubaini na kitu, kwao upande wa pili wa msitu, kule kuelekea Ganze. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa asali. Alikuwa na mizinga yake, magogo yaliyotobolewa, ameitundika huko ndani. Makubaliano na Dokta yalikuwa wazi: yeye atafute viota, na Dokta amweke kwenye orodha ya watu wake wanaoruhusiwa kuingia msituni. Jina likiwa kwenye orodha, anaifikia mizinga yake bila mtu kumuuliza. Likitoka, basi, asali imekwisha.

Alikuwa anajua kuona, yule mtu. Mnatembea, anasimama, anasema "pale," na mimi natazama majani matupu mpaka macho yanatoka maji.

Lakini sikumpenda.

Hakuwa amenikosea. Alikuwa kimya sana, na mtu kimya mimi humjazia maneno mwenyewe. Alikuwa na mkoba wa ukindu begani ambao hakuuweka chini hata wakati wa kula. Halafu alikuwa anapotea. Mko naye, ukigeuka hayuko, baada ya nusu saa anatokea upande mwingine akipangusa mikono.

Na niseme na hili, maana nimeahidi. Mimi mtoto wa mjini, niliyefunzwa adabu tangu sijaota meno, sikuwahi kumpa yule mtu shikamoo. Nilikuwa nasema "habari." Kichwani mwangu shikamoo ilikuwa ya watu wa kwetu, si ya mtu wa porini mwenye masizi kwenye vidole. Yeye akiitikia "nzuri" na kuinamisha kichwa. Haya, tuendelee.

Tuje kwenye utepe.

Dokta alitupa tepe nyekundu za plastiki za kuwekea alama. Alinieleza mara mbili, na mara ya tatu akanionyesha kwa miguu yake: unahesabu hatua kumi kutoka kwenye kiota, unafunga utepe chini kabisa kwenye shina, halafu unaandika kwenye daftari kiota kiko upande gani. Hatua kumi. Usifunge karibu.

Nikasema ndiyo Dokta.

Siku tatu za mwanzo nilifanya hivyo. Siku ya nne nikapotea. Hatua kumi kwenye ule msitu ni safari, jamani! Kila kichaka ni pacha wa mwenzake. Nilizunguka saa nzima, nikaona haya kumwita Karisa aje anionyeshe tena kitu alichonionyesha jana.

Sasa hapa ndipo kuku wa mama wanapoingia.

Barani kila nyumba ina kuku, na wote wanazurura pamoja. Kwa hiyo kila mama anawafunga kuku wake kitambaa mguuni. Wetu walikuwa na kitambaa cha kijani, wa jirani cheupe. Kuku akiwa na kitambaa chako, ni wako, na kila mtu anajua. Ukimkosa, kuna mtu ameiba. Nimekulia kwenye akili hiyo. Alama unaifunga kwenye mali yenyewe, utaifungaje hatua kumi kutoka kwa kuku?

Nikaanza kufunga utepe kwenye tawi lile lile la kiota. Mwekundu, unapepea, nauona kutoka mbali. Kazi ikawa rahisi kama kuokota embe. Dokta sikumwambia.

Baada ya wiki mbili viota vikaanza kupotea.

Nafika asubuhi nakuta kiota kimechanwa, mayai hakuna. Kesho kingine. Kesho kutwa viwili. Na kulikuwa na ajabu ya pili: vingine sikuvipata kabisa, kwa sababu utepe wenyewe haukuwepo. Mahali nilipokumbuka kuufunga, hamna kitu. Vyote nikaviandika neno moja kwenye daftari: kimeibwa.

Nani anaiba? Nilikuwa na jibu kabla ya swali.

Nikaanza kumchunguza Karisa. Nikaona nyayo zake za sandali za tairi karibu na viota vyangu, mahali asipokuwa na kazi tena. Nikaukumbuka ule mkoba. Nikasema huyu anawapelekea watalii makinda Malindi, au anakula mayai, au anayafanyia mambo yake. Kila siku nilikuwa na kesi mpya. Usiku nalala namhukumu.

Yeye mwenyewe siku moja alinisimamisha.

"Dada, huu utepe wako unaniudhi," akasema. "Kila mwenye macho anauona."

Mimi nikasikia kitisho. Nikamwambia afanye kazi yake, mimi nifanye yangu.

Halafu ikaja ile asubuhi. Niko kwenye kibanda, darubini machoni, nasubiri dume. Badala ya dume nikamwona Karisa. Akasimama mbele ya kiota changu kimojawapo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu. Akaufungua utepe polepole, akaukunja, akautia kwenye mkoba. Akaondoka.

Sitawaficha, nilifurahi. Nimemkamata!

Sikungoja hata chai. Nilimwendea Dokta na daftari langu. Yeye si mtu wa haraka, akasoma kurasa zote, halafu akamwita Karisa. Tukakutana mbele ya hema lake, na wasaidizi wake wengine watatu wamesimama wanasikiliza.

Mkumbuke Kiswahili cha Dokta kilikuwa cha kuazima, na Karisa Kiingereza hana. Mkalimani ni nani? Ni mimi. Mshitaki ni mimi, shahidi ni mimi, mkalimani ni mimi. Nadhani mnaona tunakokwenda.

Dokta akauliza kwa nini ametoa tepe.

Karisa akajibu maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema. "Mwambie kima wameujua utepe. Mwambie umefungwa pale pale kwenye kiota, na kima hana kazi siku nzima, anatazama. Mimi nimeona. Ninautoa ili ndege wapone. Viota vipo, mimi najua vilipo, nitamwonyesha."

Kima ni wale nyani weusi weusi wadogo wa msituni, kwa msiowajua.

Nikamgeukia Dokta nikatafsiri. Nikasema: anasema ni kima wanaokula mayai.

Basi. Hapo nikafunga mdomo. Lile la utepe kufungwa kwenye kiota nililimeza, kwa sababu lilinihusu.

Dokta akafikiri. Si mjinga yule mama. Akaniuliza, "Tepe ziko hatua kumi?"

"Ndiyo, Dokta. Hatua kumi."

Wakuu, neno "ndiyo" ni fupi sana. Halikunichukua hata pumzi.

Karisa alinitazama. Hakujua Kiingereza, lakini nadhani alihesabu kwamba maneno yake yalikuwa mengi na yangu yalikuwa machache. Akamwambia Dokta mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, "Mimi si mwizi." Dokta akasikitika, uso ulimbadilika, lakini mbele yake kulikuwa na daftari, na mimi ndiye niliyeandika. Akalifuta jina la Karisa kwenye orodha.

Karisa alichukua kofia yake akaondoka. Sikuona haya hata kidogo. Niliona nimetenda haki.

Siku chache baadaye mmoja wa wasaidizi akaleta habari. Kijijini kwao Karisa maneno yalishafika kwamba amefukuzwa kwa wizi, na yeye akataka kiraho. Hicho ni kiapo cha Wagiriama. Unakula papai lililosomewa maneno, na kama umesema uongo mdomo unavimba. Karisa alikula mbele ya wazee wake, akakaa siku nzima, hakuvimba. Kwao mambo yakaisha hapo, wakasema si mwizi.

Mimi nilicheka. Nikasema mbele za watu, "Daftari linasema ni yeye, papai linasema si yeye. Mtaamini tunda?"

Yule msaidizi hakucheka.

Na viota je? Wizi uliisha?

Ulizidi! Karisa hayupo, na wiki ile nilipoteza viota sita. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa tepe zilikuwepo zote. Kila kiota kilichochanwa, utepe unapepea juu yake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikasema Karisa ana ndugu, amewatuma wanikomoe. Kushuku, wakuu, hakukosi chakula.

Nikaamua kutega mtego. Nilichukua utepe mpya nikaufunga kwenye kichaka ambacho hakina kiota. Hakina kitu, majani tu. Nikasema ndugu zake Karisa watakuja kuiba, nitawaona sura. Nikajificha kwenye kibanda tangu saa nne za asubuhi, na mkate wangu na chupa ya maji.

Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Saa nane hivi majani yakatikisika juu.

Akashuka kima mmoja, jike, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Hakuhangaika, hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye utepe wangu. Akaushika kwa vidole, akaupangua mara moja, halafu akaanza kufunua majani ya lile tawi, jani moja moja, kama mama anavyotafuta chawa. Hakukuta kitu. Akarudi kwenye utepe, akauvuta, akatafuta tena chini yake. Akakasirika! Akautingisha ule mti kwa mikono miwili.

Halafu akapanda, akaruka, akaenda kwenye utepe unaofuata. Huko kulikuwa na kiota cha kweli.

Nilitoka mbio nikipiga kelele, nikaanguka, nikainuka. Nilipofika alikuwa ameshakula. Jike la chozi linapiga kelele juu ya kichwa changu, na mimi nimesimama pale na goti linatoka damu.

Nilikaa chini nikalia. Sisemi machozi ya kistaarabu. Nililia kwa sauti.

Kwa sababu yale maneno niliyoyameza yalirudi yote, neno kwa neno. Kima wameujua utepe. Umefungwa pale pale. Kima hana kazi siku nzima, anatazama. Mtu alikuwa ameniambia kila kitu, kwa Kiswahili safi, na mimi ndiye pekee pale aliyemwelewa.

Jioni ile ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo, msidhani sikuwaza. Ningeondoa tepe zote, viota vipone, nipate barua yangu, niende chuo. Nani angejua? Lakini kila nikifumba macho namwona Karisa akichukua kofia yake. Mtu yule hakupoteza kibarua tu. Alipoteza mizinga yake yote na jina lake, kwa sababu ya "ndiyo" yangu.

Asubuhi nilimwambia Dokta. Nilimwambia la kima, la hatua kumi, na la tafsiri niliyoikata. Hilo la tafsiri ndilo lililonitoa jasho.

Hakunipigia kelele. Natamani angepiga. Alichukua kalamu, akafungua daftari langu, akapitisha mstari kwenye kila ukurasa wa wiki zangu zote sita. Ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nimesimama. Alipomaliza akasema, "Jina lake nitalirudisha leo. Lakini yeye utamwambia wewe."

Gari lake likanipeleka nje ya msitu upande ule, mengine nikatembea. Njia ya kule Ganze si mchezo, jua kali, mahindi yamekauka kabla ya kubeba, akina mama wanakwenda na madumu mbali sana kutafuta maji. Nikauliza, nikaelekezwa, watu wakinitazama kwa jicho ambalo nililijua. Lilikuwa langu.

Nyumbani nilimkuta mkewe, Mama Kadzo. Karisa hayupo.

"Yuko kwenye mkaa," akasema. "Asali amekatazwa, sasa anachoma mkaa. Tufanyeje?"

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia na nilichofanya, chote, nimesimama uani bila hata kukaribishwa mkeka. Alinisikiliza akipura mbaazi, mkono hausimami. Nilipomaliza akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na sahani.

Papai.

Limeiva, limekatwa vipande, limewekwa mbele yangu.

"Kula," akasema.

Jamani. Mimi ni mtu wa kusoma, nimemaliza Form Six, kiraho nilikicheka mbele za watu. Nikatazama lile papai, nikaitazama rangi yake, nikanusa. Nikajiuliza ndani alikaa kwa nini, amelisomea nini? Nikasoma Bismillahi mara saba. Kipande cha kwanza kilikaa mdomoni hata sijui muda gani, hakiendi mbele wala nyuma.

Mama Kadzo akaacha mbaazi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Kula mwanangu, hilo ni la njaa. Umetembea."

Nikameza. Nikala lote, wakuu, mpaka maji yake.

Halafu akaingia tena akaleta ule mkoba wa ukindu. Akaumimina mkekani. Zilikuwa tepe. Nyekundu, kumi na moja, kila moja imekunjwa vizuri na kufungwa fundo.

"Alisema ni mali ya Dokta," akasema, "atazirudisha akiruhusiwa kuingia. Asije akaitwa mwizi wa plastiki pia."

Karisa alirudi jioni, mweusi kwa vumbi la mkaa mpaka kope. Nilisimama. Neno lilitoka kabla sijalipanga.

"Shikamoo, Baba Kadzo."

Hakuitikia. Alimtazama mkewe, akaitazama sahani na maganda.

"Amekula?"

"Amekula. Amesema yote kwanza, ndipo akala."

Akanisogelea. Akanitazama mdomo. Siyo macho, mdomo. Akautazama kwa muda, upande huu na upande huu, kama anavyotazama kichaka kutafuta kiota. Nami nikasimama sijatikisika, mtu mzima, nangoja tunda linihukumu.

"Haujavimba," akasema. "Basi, marahaba."

Kesho yake aliingia msituni na mimi na Dokta. Hakukubali kusema lolote mpaka nimerudia maneno yangu mbele ya hema, pale pale, mbele ya wale watatu, kwa lugha zote mbili, bila kukata hata neno. Nikarudia. Kisha akatupeleka kwenye viota kumi na moja ambavyo mimi niliviandika vimeibwa. Alikwenda bila alama yoyote, kama mtu anavyotembea nyumbani kwake. Kwenye viota vinane makinda walikuwa wameruka salama. Kwenye vile vyangu vilivyobaki na utepe, hakuruka hata kinda mmoja.

Dokta alinipa barua. Kulikuwa na sentensi moja tu juu yangu iliyokuwa na maana: kwamba nilikosea vibaya na nikasema mwenyewe. Chuo walinichukua. Nimefundisha mpaka nimestaafu, na kila mwanafunzi aliyeletwa kwangu kwa kesi ya wizi, nilimwuliza kwanza aliyemleta: wewe ulikiweka wapi?

Karisa alirudi kwenye mizinga yake. Mpaka naondoka hakuwa rafiki yangu, na sikumlaumu. Lakini shikamoo yangu aliipokea kila asubuhi.

Funzo nililotoka nalo ni hili: kushuku si dhambi, ila anza na mkono wako. Tundika utepe mtupu, ukae uone nani anakuja, kabla hujamtaja mtu.

Haya, nimemaliza, na chai imepoa. Sasa ninyi: ni nani mliyewahi kumwita mwizi, kumbe njia mlionyesha wenyewe? Semeni yote, msikate tafsiri. Papai lipo.